Anayeongeza kasi ya prosesa aanze na joto, volti aiache

Katika miji kama Goma, Bukavu na Lubumbashi, vijana wengi wanaishi kwa kompyuta ya mezani. Wanahariri video za arusi, wanatengeneza mabango, wanachapa barua na kufotokopi hati za watu. Kazi ikichelewa, mteja anaenda kwa jirani. Ndiyo maana wanavutiwa na video za intaneti zinazofundisha kupandisha prosesa kupita kipimo cha kiwanda, kazi ambayo mafundi wanaiita ovakloki. Si uchawi, wala si wazimu. Shida ni kwamba wengi wanaanzia mwisho: wanapandisha volti kwanza, na joto wanalikumbuka kompyuta ikiisha zima.

Hesabu yake ni rahisi. Umeme ambao prosesa inakula kazini unapanda sawa na kasi, lakini volti inahesabiwa mara mbili, yaani inazidishwa kwa yenyewe. Prosesa ikitoka megahezi 4000 kwenda 4400 kwa volti ileile, inakula karibu asilimia 10 zaidi. Lakini ikipandishwa pia kutoka volti 1.20 hadi 1.35, inakula karibu asilimia 40 zaidi, na yote hayo yanageuka joto ndani ya kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Kasi peke yake ikizidi, mashine inaganda, inajizima au inaharibu faili, basi. Volti ikizidi, chipu inachakaa, na haponi.

Anayedhani hayo ni maneno ya waoga akumbuke yaliyoipata Intel. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa kuliko inavyofaa, bila mwenye mashine kugusa kitu. Marekebisho yalitolewa, lakini chipu zilizokuwa zimekwisha kuumia hayakuziponya, na Intel ikalazimika kuongeza garantii kwa miaka miwili. Kama kiwanda chenyewe kiliteleza hapo, kijana wa Bukavu aliyenunua mashine iliyokwisha tumika, bila garantii yoyote, atamlilia nani?

Faida nayo si ile ya zamani. Mwaka 1998 Celeron 300A iliuzwa ikiwa na megahezi 300, na watu wengi waliifikisha 450 bila taabu kubwa. Siku hizi prosesa zinajipandisha zenyewe kazi ikizidi, na kiwanda kimekwisha kamua karibu kila kitu. Kwa asilimia 10, ambayo ni bahati nzuri, video iliyokuwa ikichukua saa moja kutengenezwa itachukua kama dakika 55. Kwa anayetoa video kumi kwa juma, dakika hizo ni kitu. Kwa anayechapa barua, si kitu kabisa. Pesa yake aiweke kwenye diski ya SSD.

Tena si kila mashine inakubali. Kwa Intel inatakiwa prosesa yenye herufi K na kadi mama ya aina ya Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi zinakubali, ila kadi mama iwe ya B au X, si ya A. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, karibu zote zimefungwa. Fundi anayeomba dola ili aongeze kasi ya mashine ya namna hiyo aulizwe vizuri ataifungua kwa njia gani.

Mwenye mashine inayokubali aanze kwa kufagia vumbi. Abadilishe mafuta mazito yanayopitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea, aangalie kama feni inazunguka sawasawa, kisha apime joto kwa programu kama HWiNFO mashine ikiwa kazini. Ikiwa inapita digrii 85 kabla hajagusa kitu, hapo hakuna cha kuongeza. Kazi za wateja azinakili kwanza kwenye diski ya nje, kwa sababu prosesa isiyotulia inaweza kuharibu faili polepole bila kuonyesha dalili.

Kisha apandishe megahezi 100 tu, na volti aifunge kwenye kipimo chake cha kawaida. Akiiacha ijipange yenyewe, kadi mama nyingi zinaipandisha kimyakimya. Aiendeshe Cinebench au OCCT nusu saa, asome joto, ndipo aongeze 100 nyingine. Mashine ikiganda, arudi hatua moja nyuma na aishie hapo. Ikikataa kuwaka, achomoe waya wa umeme, atoe betri ndogo ya kadi mama kwa dakika chache. Vipimo vya kiwanda vitarudi.

Waliozoea watasema bila volti mtu hafiki mbali. Ni kweli. Lakini wengi wao wanasema hivyo wakiwa kwenye nchi ambako umeme hautikisiki. Huku umeme wa SNEL unakatika, unarudi kwa kishindo, jioni unashuka mpaka taa zinafifia. Mashine iliyobanwa mpaka ukingoni ndiyo inayoanguka kwanza. Dola zinazotafutwa kwa feni ya rangi rangi zingenunua kwanza stabilizateri, pamoja na boksi la umeme lenye nguvu halisi ndani ya kompyuta.

Iko pia njia ya kinyume ambayo haisemwi sana: kupunguza volti kidogo kidogo huku kasi ikibaki ileile. Prosesa inapoa, na kwa sababu imepoa, mara nyingi inajipandisha yenyewe na kukaa juu muda mrefu zaidi. Ikikosea, inaganda au inaharibu faili, lakini chipu haichakai. Fundi anayepokea pesa ya mteja angeanza na hiyo, na angemwachia karatasi yenye vipimo vitatu: volti, megahezi na digrii alizoziona kabla na baada ya kazi.