Anayeua Udongo Si Mbegu ya GMO

Wiki jana, kwenye mazishi ya jirani yetu, mhubiri aliyaacha Maandiko akaingilia kilimo. Aliwaambia waombolezaji kwamba mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, yakipandwa msimu mmoja tu, vijidudu vyote vya udongoni hufa na shamba halizai tena. Watu wakaitikia amina. Nilirudi nyumbani nimefura.

Nimelisikia neno hilo redioni, sokoni na kwenye mikutano ya ushirika, na kila anayelisema husema kama aliyeshuhudia. Ameshuhudia wapi? Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa GMO Novemba 2012, baraza la mawaziri likaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kisha kesi za kupinga uamuzi huo zikafuatana mahakamani. Pamba ya Bt, ambayo nayo ni ya GMO, iliidhinishwa mwishoni mwa 2019, lakini mahindi? Mkulima wa Kitale hajawahi kuuziwa mbegu ya mahindi ya Bt dukani. Basi mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, yaliyochoka na kujaa tindikali, yamechoshwa na nani? Mbegu ambayo haijapandwa haiwezi kuua shamba.

Huyo Bt anayeogopwa ni bakteria, Bacillus thuringiensis, na makao yake ni udongo huohuo tunaodai atauangamiza. Mjapani Ishiwata alimgundua mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na Mjerumani Berliner akampa jina lake mwaka 1915. Kufikia 1938, Wafaransa walikuwa wakiuza dawa ya viwavi iliyotengenezwa kutokana naye, na hadi leo wakulima wasiotaka kemikali humnyunyizia kwenye mboga zao. Wanasayansi walichukua jeni yake wakaitia kwenye mahindi, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayotoboa utumbo wa bungua wa mabua. Protini hiyo hufanya kazi ndani ya utumbo wa kiwavi. Bakteria hana utumbo, wala kuvu hana.

Wapinzani wana utafiti mmoja wanaoupenda. Mwaka 1999, Saxena, Flores na Stotzky waliandika katika jarida la Nature kwamba mizizi ya mahindi ya Bt hutoa protini hiyo udongoni, na kwamba ikishikamana na mfinyanzi hukaa muda mrefu bila kuoza. Ni kweli. Lakini mwaka 2001 Saxena na Stotzky haohao walitoa jibu la swali lililobaki: je, inadhuru? Waliwachunguza nyungunyungu, bakteria, kuvu na viumbe wengine wadogo wa udongoni, wasione madhara yoyote ya wazi. Utafiti wa kwanza unatajwa kwenye kila jukwaa, wa pili hauguswi. Kumpa mkulima nusu ya habari ni kumdanganya.

Kuna na wale wanaoniambia, "Kama mdudu akila mahindi anakufa, sembuse udongo!" Hiyo nayo ni hoja? Mwarobaini huua wadudu, nasi tunaupanda uani na kuchemsha majani yake tukanywa. Wengine huleta habari za dawa ya magugu, glaifoseti. Mahindi ya Bt yaliyofanyiwa majaribio hapa ni ya kupambana na bungua, hayakuundwa kustahimili dawa hiyo. Na glaifoseti tunainyunyizia tayari kwenye mashamba yasiyo na punje moja ya GMO, bila mhubiri yeyote kukohoa.

Muuaji halisi yuko kwingine. Mwezi uliopita niling'oa mche wa maharagwe kwenye shamba la rafiki yangu. Maharagwe yenye afya huwa na vinundu mizizini, na ukikipasua kimoja kwa ukucha unakuta wekundu ndani: hapo ndipo bakteria wanapoivuna naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea bure. Mche ule ulikuwa na vinundu viwili vidogo, vikavu, vya kijivu ndani. Rafiki yangu hupanda mahindi kwa mbolea ya DAP kila mwaka na hajawahi kutia chokaa. Amonia iliyomo kwenye DAP ikibadilishwa na vijidudu kuwa naitreti, huacha tindikali. Tindikali ikizidi, alumini iliyokuwa imetulia udongoni huyeyuka na kuifupisha mizizi, nao bakteria wa vinundu hudhoofika na kufa. Baada ya kuvuna, rafiki yangu huchoma mabua, na kile ambacho kuvu na nyungunyungu wangekila kinapanda juu kuwa moshi.

Sisemi aache mbolea. Bila mbolea watoto wake hawali. Nasema mauaji ya vijidudu yanafanyika kwa mikono yetu, mchana, na hakuna anayepiga kelele. Hata serikali, ambayo mwaka 2024 iliacha mbolea bandia iwafikie wakulima kwa jina la ruzuku, haikuulizwa vitu hivyo vilifanya nini udongoni. Tuliuliza pesa zimeenda wapi, basi.

Nilimuuliza rafiki yangu ni lini alipima udongo wake. Hajawahi. Hajui hata upimaji unafanyika wapi, na afisa wa kilimo wa wadi yake hamjui kwa sura. Mawakili wanaokimbilia mahakamani kwa jina la udongo wa Kenya wana mteja hapo, na shamba lake halina hata punje ya GMO.