Usimuulize nesi kama ataripoti, muulize aliandika nini

Hebu fikiria wewe ni nesi Kulamawe. Saa nne usiku mama anaingia zahanati, jicho limevimba, anasema ameanguka. Mume wake amekaa nje kwenye benchi. Unamjua. Watoto wenu wanasoma chuo kimoja, na maziwa ya ngamia ya chai yako unanunua kwa mama yake. Utaandika nini kwenye faili?

Sasa siku nyingine mtafiti anakuja na karatasi yake: "Je, uko tayari kuripoti dhuluma za kinyumbani?" Utatia tiki kwenye "ndiyo". Nani atakataa? Hapo ndipo tunajidanganya. Tiki ya mchana si utayari wa saa nne usiku.

Na si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa 34% ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Sheria ya 2015 dhidi ya dhuluma za kinyumbani inamruhusu mama kuomba korti amri ya kumlinda. Lakini korti inataka ushahidi, na mara nyingi ushahidi unaanzia kwenye faili ile ya usiku. Nesi akiandika "ameanguka", kesi nayo imeanguka.

Tusimrushie nesi lawama zote, lakini. Wazee wakiketi maslaha, faini inalipwa, mambo yanaitwa yamekwisha, na mama hakuulizwa anataka nini. Aliyeripoti ndiye anabaki kijijini akitazamwa vibaya. Nani atamsimamia?

Kisha kuna hili wengi hatulijui: Shirika la Afya Duniani halipendekezi mhudumu alazimishwe kumripotia polisi mwanamke mzima bila ridhaa yake. Linataka asikilizwe, aulizwe, asaidiwe kuwa salama, na akitaka kuripoti, asaidiwe. Kuripoti kwa nguvu kunaweza kumrudishia kichapo nyumbani.

Kwa hivyo tubadilishe maswali. Mara ya mwisho, uliongea na mama akiwa peke yake? Uliandika kila jeraha, na maneno yake mwenyewe? Ulimpa namba 1195? Zahanati yako ina chumba chenye mlango unaofungika? Mkubwa wako alisimama nawe? Majibu ya hayo ndiyo kipimo. Na mengine hayamhusu nesi hata kidogo, yanaihusu kaunti inayomwajiri.

Wewe unayesomea uuguzi, kesho utatumwa Kulamawe au mahali kama hapo. Jizoeze sasa kuuliza bila kuhukumu. Nawe rafiki, ukiona dada yako "ameanguka" mara ya tatu, usimwambie avumilie. Mpe 1195: simu ni ya bure, usiku na mchana. Kisha msindikize zahanati, ukae kwenye benchi ile. Safari hii aliyekaa nje awe upande wake.