Hadubini ya kwenye kompyuta inamhusu nini mfugaji?

Ndugu mfugaji, na wewe ndugu mfanyabiashara unayefuata mzigo wa dawa mjini,

Simama nusu saa tu kwenye duka la dawa za mifugo pale Kariakoo. Atakuja mtu kutoka Mkuranga au Kisarawe, aseme: "Ng'ombe wangu ana homa, hali majani. Nipe sindano ya homa." Muuzaji atauliza ng'ombe ana kilo ngapi, atatoa chupa, pesa italipwa. Hakuna aliyeuliza ni homa ya nini.

Swali hilo ndilo lenye pesa yako. Ndigana kali, ndigana baridi, babesia na nagana, zote zinaweza kuanza kwa homa na mnyama kukataa kula. Lakini dawa zake si moja. Ndigana baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini, ile tuliyoizoea kwa jina la OTC. Ndigana kali inataka buparvakwoni, tena mapema. Nagana inataka diminazini au nyingine ya kuua vimelea vyake. Ukimchoma OTC ng'ombe wa maziwa mwenye ndigana kali kisha ukakaa kusubiri, unaweza kumpoteza ndani ya wiki chache, na chupa umeshailipia.

Kinachotofautisha homa hizi ni tone la damu lililopakwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa na kukuzwa mara 1,000 kwa hadubini. Kimelea cha ndigana baridi huonekana kama kinukta pembeni mwa chembe nyekundu. Babesia hukaa wawili wawili ndani ya chembe, mfano wa mapeya mawili. Cha nagana kiko nje ya chembe, kama uzi uliojipinda. Cha ndigana kali ni kidogo sana kwenye damu, kwa hiyo mtaalamu hutoa pia majimaji ya tezi iliyovimba, ile ya chini ya sikio au ya begani.

Kusoma kioo hicho ni kazi ya jicho lililofundishwa, na hapo ndipo nina maoni yangu. Chukua darasa la wanafunzi 40 na hadubini 10. Kila mmoja anachungulia sehemu yake, na mwalimu hawezi kujua kama kijana ameona kimelea au ameona uchafu wa rangi. Vioo vyenyewe huvunjika na rangi hufifia. Mwanafunzi wa mwaka huu anaweza kumaliza chuo bila kuona kioo kizuri walichokiona waliomtangulia.

Siku hizi kuna njia nyingine. Kioo kimoja kizuri huingizwa kwenye mashine ya skana, kikapigwa picha chote, kipande kwa kipande, na vipande vikaunganishwa kuwa picha moja kubwa. Mwanafunzi huifungua kwenye kompyuta au simu, akaivuta karibu na kuisogeza kama anavyofanya kwenye hadubini. Darasa zima linaona chembe ileile. Mwalimu anaweka alama: "Hiki ni kimelea, hiki ni uchafu." Madaktari wa binadamu hujifunza hivyo saratani na malaria, na wa mifugo wanaweza kujifunza hivyo magonjwa ya kupe.

Usidhani kukosea ni kwa wanafunzi peke yao. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Alipima damu ya ng'ombe, akaona vimelea vidogo, akadhani ni watoto wa babesia. Kumbe vilikuwa vya ndigana kali. Ilipita miaka kadhaa, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo kazi yake na ya Arnold Theiler wa Afrika Kusini ikaonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Kama bingwa huyo alikosea, kijana aliyeona kioo mara mbili chuoni tumdai nini?

Kwa hiyo nasema wazi: vyuo vyetu vya mifugo na vya udaktari viwe na maktaba ya pamoja ya slaidi za kompyuta, zilizotokana na wanyama na wagonjwa wa huku kwetu. Ndigana kali ni ugonjwa wa sehemu hii ya Afrika. Tusingoje wageni watuletee picha zake.

Wapo watakaosema intaneti ni ghali na skana ni ghali zaidi. Ni kweli. Lakini skana moja inaweza kuhudumia vyuo vingi, na picha zikishatengenezwa hukaa kwenye kompyuta ya chuo bila bando. Kinondo, Kwale, pwani ya Kenya, watafiti waliweka skana ndogo kwenye hospitali ya kijijini, wakapiga picha vioo vya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi na kuzituma kwa mtandao wa simu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Kama Kwale imewezekana, Temeke na Morogoro haishindikani.

Ila nina sharti moja. Picha haifundishi mkono. Mtaalamu atakayekuja zizini kwako lazima ajue kupaka damu nyembamba, kuikausha, kuitia rangi na kurekebisha lenzi. Chuo kitakachouza hadubini zake kwa sababu kimepata kompyuta kitatuletea wataalamu wa kutazama picha, na ng'ombe wako hana picha.

Na wewe una sehemu yako. Mnyama akipata homa, mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya sindano yoyote, kwa sababu dawa ikishaingia vimelea vinaweza visionekane tena. Mwombe achukue damu ya mshipa wa sikio. Kioo kikauke kivulini mbali na nzi, maana nzi hula ile damu, kiandikwe namba ya mnyama na tarehe, kifungwe kwenye karatasi safi. Maabara ya Veterinari (TVLA) iko Temeke, safari fupi ya daladala kutoka Kariakoo.

Ndugu mwenye duka la kijijini, mteja akiomba sindano ya homa, muulize kwanza: "Umepima?" Utachelewa kuuza chupa moja leo, lakini mteja ambaye ng'ombe wake amepona atarudi.