Sauti Zetu Zisizungushwe Ng'ambo

Hivi majuzi nilikuwa miongoni mwa watahini wa mwanafunzi aliyetetea tasnifu yake kwa simu ya intaneti. Yeye alikuwa Mombasa, nasi tulikuwa Eldoret. Kila alipoulizwa swali alionekana kukawia. Jibu lilipotufikia, mtahini mwenzangu alikuwa keshauliza jingine. Sauti ziligongana, maneno yakakatika. Mwenzangu akaandika kwamba mtahiniwa hajiamini. Nilimsihi aifute kauli hiyo, akaifuta shingo upande.

Fundi alipofuatilia njia ya mazungumzo yale, aligundua kuwa sauti ilitoka Mombasa ikavuka bahari hadi London, ndipo ikarejea Eldoret. Kisa na maana, kampuni mbili zinazotuhudumia hazikuwa zimeunganishana humu nchini.

Wakuu wengi wa taasisi wasikiapo malalamiko kama haya hukimbilia kununua intaneti ya kasi zaidi. Nionavyo mimi, huko ni kupanua mlango ilhali njia ndiyo ndefu. Sauti ya simu huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, au hata pungufu. Kinachoiharibu aghalabu ni mzunguko na msongamano wa njiani, ambao hufanya vipande vya sauti vifike vimechelewa, tena kwa vipindi visivyolingana. Shirika la ITU hupendekeza sauti isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja.

Waama, ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kabla ya nyaya za baharini kutufikia mwaka wa 2009, data yetu ilipitia setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 angani. Mnamo Novemba 2000, kampuni za intaneti zilianzisha jijini Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usizuru ughaibuni. Telkom Kenya ikateta kwamba ndiyo pekee yenye haki ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa (ati Nairobi kwa Nairobi ni kimataifa!), na muda si muda tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Baadaye Mombasa nayo ikapata chake.

Njia fupi basi ipo. Walimu wenzangu, kabla ya taasisi zetu kutia sahihi mkataba wowote, na tuidai kampuni ituonyeshe mahali inapobadilishana data na wenzake. Wanafunzi wa kompyuta wanaweza kuikagua njia hiyo wenyewe kwa programu iliyomo karibu katika kila kompyuta.

Mwanafunzi wetu alifaulu. Wengine watatu wanangoja zamu yao mwezi ujao, na njia ingali ile ile.