Mtoto amekunywa mafuta ya taa, tumpigie nani?

Kila tukizungumzia afya hewani, swali hili hurudi: mtoto kanywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, tumpe maziwa au tumtapishe? Wataalamu wanakataa yote mawili. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mkimbizeni kituo cha afya, na ile chupa mwende nayo.

Lakini huko kituoni, saa nane za usiku, muuguzi wa zamu huenda yuko peke yake. Naye amuulize nani?

Marekani walifungua kituo chao cha kwanza cha ushauri wa sumu mjini Chicago mwaka 1953. Leo namba moja inafanya kazi nchi nzima, bure, saa 24, kwa mzazi na kwa daktari. Anayepokea anauliza: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, ana uzito gani? Kesi nyingi huishia nyumbani kwa maelekezo tu. Sisi tunaojua nauli ya bodaboda usiku tunaelewa maana yake.

Uingereza wana utaratibu mwingine. Huduma yao ya taifa, iliyoanza 1963, ni ya wahudumu wa afya. Mwananchi hupiga 111. Daktari husoma kwanza maelezo ya sumu kwenye mtandao wa TOXBASE, na akikwama ndipo anampigia mtaalamu.

Msaada huo si mdogo. Aliyemeza panadol nyingi anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza huku ini likiharibika, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Aliyekunywa dawa ya wadudu ya shambani anaweza kuhitaji atropini nyingi kuliko muuguzi alivyozoea kutoa. Bila mtu wa kumthibitishia, ataogopa kuendelea.

Shirika la Afya Duniani linasema chini ya nusu ya nchi wanachama wake zina kituo cha namna hii. Vijijini kwetu simu zipo, hata kwa asiye na umeme. Tunachokosa ni mtaalamu wa kuipokea upande wa pili, na atropini ya kutosha kwenye kabati la zahanati pale atakaposema, "Endelea kumchoma."