Mkanda Mweusi Haukabi Mtu

Niseme tu, na anayetaka kukasirika akasirike: kuna dojo zinazofundisha watu kupigana, na kuna dojo zinazofundisha watu kuvaa. Hizi za pili ndizo zenye picha kali. Unalipa ada, unanunua vazi jeupe, unapigwa picha umekunja ngumi, unaposti. Siku ukishikwa kola na mtu mwenye hasira pale steji, vazi lako liko nyumbani kwa kamba, linakauka.

Vijana wa huku wananiuliza: "Nianze judo ama jujitsu? Nibaki Malindi, niende Kilifi, ama nitafute Mombasa?" Jamani, hilo swali limeanzia mkiani. Judo na jujitsu ya Kibrazili ni watoto wa nyumba moja. Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, akafika Brazili mwaka 1914, na kutoka kwake familia ya Gracie ikapata mbegu ya hii jujitsu mnayoiona kwenye vidio. Kwa hiyo kubishana jina ni kupoteza muda. Uliza wanafanya mazoezi vipi.

Kano alifanya jambo moja la akili sana. Alizitoa mbinu hatari zaidi kwenye mapambano ya mazoezi, ili zile zilizobaki watu wazijaribu kila siku, kwa nguvu zote, kwa mtu anayekataa kuangushwa. Hiyo ndiyo siri yote. Sasa akija mwalimu akwambie, "Mbinu zetu ni hatari mno, hatuwezi kuzijaribu hapa," wewe vaa viatu. Mbinu ambayo haijawahi kujaribiwa kwa mtu anayekataa ni hadithi, na hadithi tunazo za bure kwa bibi. Hata zile semina za masaa mawili za "dada jilinde", mtu anatoka na cheti na ujasiri wa uongo, halafu anakata vichochoro usiku akidhani yuko sawa. Huo ujasiri unaweza kumponza kuliko woga.

Basi fanya hivi. Siku ya kwanza usilipe. Omba kukaa pembeni utazame. Ukikataliwa, ushapata jibu. Ukikubaliwa, angalia kama kuna muda watu wanakamatana kwa ukweli, si kurushana kwa mpango kama filamu. Halafu angalia mtu akigonga mkeka nini kinatokea. Kabali ikibana mishipa ya damu ya shingo sawasawa, mtu anazimia ndani ya sekunde kama kumi hivi. Kwa hiyo kugonga ndiyo breki, hakuna aibu hapo. Shule inayomcheka aliyegonga, iko siku itavunja mkono wa mtu, na usiombe uwe wako.

Mkanda nao usikutishe. Kwenye jujitsu, shirikisho la kimataifa la IBJJF halitambui mkanda mweusi kwa mtu chini ya miaka 19, na wengi huchukua miaka kama kumi kuufikia. Akikuahidi mweusi kwa mwaka mmoja, huyo ni muuza nguo. Muulize kwa heshima: "Mwalimu, huu mkanda ulipewa na nani?" Mwenye wake atakutajia mwalimu wake bila kukunja uso.

Sasa tuongee lile ambalo watu hulikwepa. Huu mchezo ni wa kulaliana. Kifua kwa kifua, mtu juu ya mtu. Na sisi wa Malindi na Kilifi hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna watu wazima wanaowinda watoto. Kwa hiyo shule ya mieleka yenye mlango uliofungwa, mzazi asiyeruhusiwa kutazama, mwalimu anayempa binti wa shule "masomo ya ziada" peke yake jioni, hiyo si shule. Msichana awe na haki ya kumkataa mwenza yeyote bila kujieleza. Akitaka kufanya na wanawake wenzake tu, apewe, na asiitwe mwoga. Ukiona mtoto anadhurika, piga 116. Ni bure. Na usiniambie mwalimu ana medali. Medali haimfanyi mtu kuwa salama.

Usafi pia. Na hili joto letu, mkeka usiosafishwa ni shamba la choa.

Najua mtakachosema: "Mchagua nazi hupata koroma. Huku shule ni chache, shukuru kilichopo." Haya, nenda kwa muuza nazi umtazame. Anaitikisa nazi sikioni, anasikiliza maji, anaigonga. Anachagua! Koroma humpata yule anayechagua kwa kutazama ganda, na mkanda na picha ni ganda. Wala mji mkubwa si dawa. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Ukienda na kurudi mara mbili kwa wiki, nauli itakukaba kabla ya mtu yeyote kukukaba. Na huko Mombasa pia maganda yapo.

Kama kweli karibu yako hakuna shule ya maana, tafuteni wenzenu wanne watano na mmoja aliyefundishwa sawasawa. Maji yakitoka, mchanga wa Bofa uko pale na haudai ada. Anzeni na kuanguka vizuri, kusukumana, kuangushana taratibu. Kabali na kukunja viungo muache mpaka awepo anayejua. Halafu mkichanga, mtu aende Mombasa mara moja kwa mwezi kwa mwalimu wa kweli, arudi awaonyeshe. Bora hivyo kuliko kulipa kila mwezi kuvaa pajama jeupe.

Na ukifika shule yoyote, swali la mwisho liwe hili: "Mwalimu, mara ya mwisho uligonga lini?" Anayefanya kazi atacheka na kukwambia ni nani aliyemkamata. Atakayekasirika, ashakujibu.