Likizo ya Kisiwani: Tuwapeleke Watoto Unguja Wakaone Nini?



Ndugu wasomaji, kila shule zinapofunga huku kwetu Kasese na Bwera, vijana wetu wanatuuliza swali lile lile: kwani Zanzibar ni ya Wazungu tu? Wanaona picha kwenye simu, mchanga mweupe na mahoteli ya kifahari, halafu wanadhani bahari ni mali ya watu wengine. Maoni yetu ni kwamba familia iliyoweza kuweka akiba iende, lakini isiende kujifungia hotelini. Iende kuona mwambao ambao umefungamana na maisha yetu ya huku milimani kuliko tunavyodhani.

Tuanze na lugha. Kwa miaka mingi hapa Uganda Kiswahili kilionekana ni lugha ya wanajeshi na majambazi, na wazazi wengi hawakutaka kukisikia nyumbani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo mtoto wa Bwera bado anakijua zaidi kama lugha ya mpakani Mpondwe, ya kubadilisha pesa na kupatana bei na wenzetu wa Kasindi. Unguja atakisikia kwa bibi anayemtuma mjukuu dukani, kwa mwalimu wa madrasa na kwa watoto wanaogombania mpira. Basi mzazi, mpe mwanao kazi: yeye ndiye akanunue mkate, yeye ndiye aulize njia, na awaamkie wakubwa shikamoo. Akirudi hataona haya tena kukisema.

Katika mji wa Unguja, pa kwanza ni Mji Mkongwe, uliowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Utembeeni kwa miguu asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri, kabla ya jua kali. Vichochoro ni vyembamba, milango ya mbao imechongwa kwa nakshi, na misikiti ni mingi. Jumba la Beit al-Ajaib, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, nalo ni somo kwa wanafunzi kwamba urithi usiotunzwa huanguka. Jioni nendeni Forodhani mkale urojo na mishikaki, mnywe juisi ya miwa. Ulizeni bei kabla ya kuagiza.

Pa pili ni Mkunazini, na hapa tunawaomba wazazi msipakwepe. Ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na sasa pana kanisa la Kianglikana na sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Si mbali na hapo ipo nyumba ya Hamed bin Muhammad, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Misafara ya wafanyabiashara kama yeye ndiyo iliyokipeleka Kiswahili mpaka Manyema na mashariki ya Kongo, na Kiswahili tunachosema na watu wa Kasindi kimetokana na njia hizo. Misafara hiyo hiyo ilibeba pembe za ndovu na watu waliotekwa. Kuna wazazi wanaoona vibaya kuwaeleza watoto kwamba baadhi ya waliouza watu walikuwa Waislamu. Sisi tunaona ni bora mtoto aambiwe na baba yake, kwa ukweli na uadilifu, kuliko aambiwe na mtu anayetaka kumvunja moyo. Dhulma ni dhulma, hata akiifanya wa kwetu.

Pa tatu ni Kizimkazi, kusini ya kisiwa. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Huku Uganda tunahesabu kufika kwa Uislamu kuanzia mwaka 1844, katika kasri ya Kabaka Suuna. Mwanafunzi atoe hesabu mwenyewe, aone dini ilikaa pwani miaka mingapi kabla ya kufika ziwani. Huko Kizimkazi mtaitwa kupanda boti mkafukuze pomboo. Sisi tunashauri mkatae kama boti zimewazingira wanyama hao, kwani hata tembo wa kwetu katika hifadhi ya Queen Elizabeth hatuwafukuzi kwa magari.

Njiani piteni msitu wa Jozani mkamwone kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar tu. Nendeni pia kwenye mashamba ya viungo. Mtoto ataona karafuu, mdalasini na hiliki, na ataiona vanila ile ile inayolimwa kwetu Kasese.

Halafu bahari yenyewe. Mtoto aliyekua kando ya mto Nyamwamba anajua maji yanayoshuka kwa hasira, lakini hajaona maji yanayoondoka yenyewe na kurudi yenyewe mara mbili kwa siku. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakikupwa mtaona wanawake wakihudumia mashamba yao ya mwani. Wasalimuni, na waulizeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kuhusu kuogelea, tukumbuke kwamba Mfereji wa Kazinga na Ziwa Edward vina viboko na mamba, kwa hiyo watoto wetu wengi hawajui kuogelea. Wasiingie majini bila mtu mzima kuwa karibu, na waulizeni wenyeji saa za maji kujaa. Akina mama na mabinti watapata nafasi tulivu zaidi kwenye fukwe za vijijini kuliko mbele ya mahoteli.

Sasa gharama. Reli kutoka Mombasa ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini leo treni haiji tena, kwa hiyo ni basi hadi Kampala, basi jingine hadi Dar es Salaam kupitia Mutukula, kisha boti ya saa mbili hivi. Ni safari ya kuchosha, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala. Tayarisheni pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano mapema. Lalieni nyumba za wageni za kawaida. Likizo ya Mei huangukia mvua za masika, na Desemba bei hupanda. Afadhali mwisho wa Agosti.

Lakini ada ya shule kwanza. Likizo ya mkopo haina baraka, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada hatafurahia kukumbuka bahari. Kama akiba haijatosha, anzeni na vya karibu: chumvi ya Katwe, boti ya Kazinga, na mstari wa ikweta tunaoupita kila siku bila kusimama. Watoto wangapi wa Kasese hawajaona hata hivyo? Mtoto aliyezoea kuuliza na kutazama kwao ndiye atakayefaidika Unguja, siku Mwenyezi Mungu akijaalia.

Nanyi wanafunzi mtakaobahatika kwenda, chukueni daftari. Andikeni maneno mapya mtakayoyasikia, mje muwafundishe wenzenu waliobaki.

Wabillahi tawfiq.